Makala, gesi ya chupa au umeme: uchague nini kwa jiko la Goma

Mtu akitaka kubadilisha jiko hapa Goma, swali la kwanza huwa bei. Gunia la makala, yaani mkaa, ni ngapi leo? Kujaza chupa ya gesi ni ngapi? Umeme utakula kiasi gani? Ni swali la haki, na huko chini nimeweka hesabu ambayo kila mtu anaweza kuifanya kwa bei ya soko lake. Lakini kuna swali jingine ambalo kwangu ndilo zito zaidi: kila moto unaacha gesi gani ndani ya nyumba, na gesi hiyo inakwenda wapi? Mji huu unaijua hewa inayoua bila kelele. Watoto wetu hukatazwa kuingia kwenye mabonde ya mazuku, gesi ya volkano inayolala chini, kabla hata hawajajua kusoma. Kwa hiyo kemia ya jiko si somo geni kwetu. Nusu yake tumeshaishi nayo.

Kinachowaka hasa

Makala ni kaboni, karibu yote. Kuni zilipofunikwa kwa udongo zikaungua bila hewa ya kutosha, maji yalitoka, moshi ukatoka na lami yake, ikabaki kaboni nyeusi na majivu kidogo. Ndiyo sababu makala yaliyoiva vizuri hayatoi moshi mwingi. Ni kitu kigumu, na kitu kigumu huwaka usoni tu, pale oksijeni inapokifikia. Unapopepea mbabula, yaani jiko la makala, huongezi moto; unaondoa hewa iliyochoka na kuleta oksijeni mpya kwenye uso wa kila kipande.

Gesi ya chupa ni propani na butani, na ndani ya chupa si gesi bali ni kimiminika kilichobanwa. Tikisa chupa utasikia kinacheza. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe, kwa hiyo katika hewa yetu ya nyuzi 20 hivi zote mbili zinataka kuwa gesi. Kinachozizuia ni ukuta wa chuma. Ukifungua valvu, kimiminika kinaanza kuchemka bila moto wowote, na kila kitu kinachochemka hunyonya joto kutoka kwa jirani yake. Pika maharagi kwa saa nzima kisha pitisha mkono kwenye chupa kutoka juu kwenda chini. Utafika mahali ambapo chuma kinageuka baridi ghafla, pengine kimelowa umande. Hapo ndipo kimiminika kilipoishia.

Jambo hilo hilo linaeleza kwa nini moto wa gesi hauonyeshi dalili kwamba chupa inakaribia kwisha. Mgandamizo ndani ya chupa hutegemea halijoto, hautegemei kiasi kilichobaki. Maadamu kuna kimiminika kidogo chini, moto utakuwa na nguvu karibu ile ile, halafu unakatika. Anayetaka kujua hali ya chupa yake aipime kwa mizani na kutoa uzito wa chupa tupu, ambao kwa kawaida umegongwa kwenye chuma karibu na shingo.

Watu huuliza pia kwa nini tununue gesi ya mbali wakati Ziwa Kivu lina gesi yake. Ni kweli ziwa limeshika methani nyingi mno, kilomita za ujazo zipatazo 60, pamoja na dioksidi ya kaboni mara tano ya hiyo, vyote vimeyeyuka kwenye maji ya kina na kubanwa na uzito wa maji yaliyo juu. Upande wa Rwanda, kiwanda cha KivuWatt kule Karongi kinaivuta methani hiyo na kuzalisha umeme. Lakini methani haikubali kuwa kimiminika kwa kubanwa tu. Hata ukiibana vipi, lazima kwanza uipoze hadi chini ya nyuzi 82 chini ya sifuri. Chupa nyepesi tunazotumia jikoni haziwezi kazi hiyo. Propani na butani hukubali kubanwa katika joto la kawaida la chumba, na hiyo ndiyo sababu zimeingia majumbani.

Gesi tatu, tabia tatu

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana uamuzi wote unatoka hapa.

Kaboni ikipata oksijeni ya kutosha hutoa dioksidi ya kaboni, CO₂. Ikikosa oksijeni hutoa monoksidi ya kaboni, CO, ambayo ni sumu. Wengi hudhani makala hutoa sumu yanapowashwa tu, na kwamba yakishakuwa mekundu bila moshi ni salama. Si kweli. Tazama mbabula iliyojaa. Hewa inaingia chini, oksijeni inakutana na makala ya kwanza na kuwa CO₂. Gesi hiyo inapanda katikati ya makala mekundu ya juu, na palipo na joto la nyuzi 700 kwenda juu kaboni huinyang'anya oksijeni: CO₂ moja na kaboni moja hugeuka CO mbili. Jikoni gizani utaona vimoto vidogo vya buluu vikicheza juu ya makala. Hivyo si mapambo. Ni CO inayowaka ilipokutana tena na hewa. Vimoto hivyo vikizimika na makala bado mekundu, CO haijaacha kutoka. Imeacha kuungua tu, na inaingia chumbani ilivyo.

CO haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushika damu kwa nguvu inayozidi mara 200 nguvu ya oksijeni, kwa hiyo kiasi kidogo hewani kinatosha kuijaza damu. Dalili zake hufanana na malaria inayoanza: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Wanandugu wawili wakiumwa kichwa kwa pamoja katika chumba chenye mbabula, wasitafute dawa kwanza. Watoke nje, wapumue hewa safi, ndipo wapelekwe kwa daktari.

Sasa, mazuku. Molekuli moja ya CO₂ ina uzito wa 44, wakati hewa ya kawaida ina wastani wa 29. Kwa hiyo gesi inayotoka kwenye nyufa za ardhi yetu ya volkano hulala mabondeni, hasa alfajiri pasipo na upepo, na mbuzi hufa kabla ya mchungaji kwa sababu pua yake iko chini. Kila mkazi wa huku upande wa Bulengo au Sake anajua hili bila kufundishwa na mwalimu.

Propani ina uzito wa 44, sawa kabisa na CO₂. Butani ina 58, mara mbili ya hewa. Maana yake ni kwamba gesi ya chupa ikivuja inatembea kama mazuku: inashuka, inatambaa sakafuni, inajaza pembe na mashimo, inaingia chini ya kitanda. Dirisha lililo juu halisaidii kitu. Inayosaidia ni tundu la chini, kwenye usawa wa sakafu, linalotazama nje. Kuna tofauti moja tu kubwa na mazuku, nayo ni mbaya: hii inawaka. Ikifika kati ya asilimia 2 na 10 hivi ya hewa, cheche ya swichi inatosha. Fanya hesabu uone. Kilo moja ya gesi ikivuja yote hapa Goma inajaza zaidi ya nusu mita ya ujazo. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye dari la mita 2.4 kina mita za ujazo karibu 29. Kilo hiyo moja ikienea chumba kizima inafikisha asilimia 2. Na kwa kuwa haieneki sawasawa bali inalala chini, hata robo ya hapo inaweza kufanya tabaka la hatari kwenye sakafu.

Hata hivyo gesi ya chupa ina rehema ambayo makala hayana: imetiwa harufu. Kiwandani huchanganywa dawa inayonuka kama kitunguu kilichooza ili pua ikujulishe mapema. CO haikujulishi.

Na CO haina mahali pa kulala. Uzito wake ni 28, hewa ni 29. Hailali chini kama mazuku, haipandi darini ikakaa huko. Inachanganyika na hewa yote ya chumba, juu na chini, kwa mama aliyesimama na kwa mtoto aliye mkekani. Nimesikia watu wakishauri kulala juu ya kitanda kirefu ili kukwepa hewa ya makala. Ushauri huo ni wa mazuku, na kwa mazuku ni mzuri. Kwa makala hausaidii hata kidogo.

Maji ya Goma huchemka kwa nyuzi 95

Tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Uzito wa hewa unaotukalia ni karibu asilimia 85 ya ule wa pwani, na maji yanayobanwa kidogo huwahi kuchemka. Huku kwetu na Bukavu ni nyuzi 95, Lubumbashi yapata 96, na kwenye ukingo wa volkano ya Nyiragongo, mita 3,470, hayafiki hata 89.

Kwa mpishi maana yake ni hii: sufuria ya maharagi ya Goma haipiti nyuzi 95 hata uiwekee moto wa namna gani. Makala mekundu yanaweza kuwa na nyuzi 700 hadi 1,000. Ulimi wa gesi, mahali pake pa moto zaidi, unakaribia 1,900. Sufuria haijali. Maadamu kuna maji ndani, joto lote la ziada linakwenda kugeuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo ni ghali mno. Kupasha lita 3 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 95 kunahitaji kilojuli (kipimo cha nishati) 940 hivi. Kugeuza lita moja tu kuwa mvuke kunakula kilojuli 2,260. Yule anayeacha sufuria ikitokota kwa fujo saa mbili nzima anaunguza pesa, na maharagi hayaivi haraka zaidi kwa hilo.

Kwa hiyo ubora wa gesi si kwamba ni kali. Ubora wake ni kwamba inatii. Sufuria ikichemka unageuza kitufe, unabakiza moto mdogo wa kulinda mchemko, unafunika. Makala yakishashika hayarudi nyuma upesi. Unaweza kuziba mlango wa mbabula na kufunika kwa majivu, lakini ukiziba hewa ndipo unaongeza CO. Ndiyo sababu mbabula iliyopunguzwa moto ni ya kuogopwa kuliko ile inayowaka kwa nguvu.

Nitayatendea makala haki. Sombe (majani ya mihogo) inayotaka moto mpole wa muda mrefu inapatana sana na makala yanayofifia, na mama anayesema sombe ya mbabula ni tamu hasemi ovyo. Mahindi na samaki wa kuchoma vinahitaji joto la mnururisho, lile unalolihisi usoni bila kugusa moto, na makala mekundu hutoa joto la namna hiyo kuliko ulimi wa buluu wa gesi. Kwa kazi hizo, nje ya nyumba, sioni sababu ya kuyaacha.

Lakini kitu kinachookoa moto kuliko kubadilisha jiko ni sufuria ya presha. Inarudisha mgandamizo ambao mlima umetunyima na kuongeza mwingine, hadi maji yanafika nyuzi 115 hivi kabla ya kuchemka. Kwa kanuni ya kukadiria, mabadiliko ya kikemia huenda kasi maradufu kwa kila nyuzi 10. Kutoka 95 hadi 115 ni mara nne. Maharagi ya saa mbili yanakuwa ya nusu saa, iwe unapikia makala, gesi au umeme. Mwenye pesa ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu anunue hiyo kwanza.

Hesabu ya mfuko

Kilo ya makala ina megajuli (kilojuli elfu moja moja) kama 29. Kilo ya gesi ina 46 hivi. Ukiishia hapo utadhani gesi imezidi kwa nusu tu. Kinachoamua ni kiasi kinachofika ndani ya sufuria. Mbabula ya kawaida ya bati hupeleka kama asilimia 15, nyingine inapotea pembeni na hewani. Mbabula iliyoboreshwa, yenye kifuko cha udongo wa kuchomwa ndani, inaweza kufika 30. Jiko la gesi hufika 55. Plati ya umeme, 75 ukitumia sufuria yenye kitako bapa.

Kwa zile lita 3 za maji: mbabula ya kawaida itakula gramu 215 za makala, iliyoboreshwa gramu 108, jiko la gesi gramu 37, na umeme theluthi na kidogo tu, yaani kilowati-saa 0.35.

Basi chukua kanuni hii uende nayo sokoni. Kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo 6 za makala kwenye mbabula ya kawaida, au kilo 3 kwenye iliyoboreshwa, au kilowati-saa 9 na nusu za umeme. Pima gunia lako kwa mizani, usiamini ukubwa wake. Makala yaliyonyeshewa njiani juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, yana maji ambayo utayalipia mara mbili, mara ya kwanza kwa uzito, mara ya pili kwa joto la kuyakausha. Gawanya bei kwa kilo. Bei ya kilo ya gesi ikiwa chini ya mara 6 ya kilo ya makala na wewe unatumia mbabula ya bati, gesi ni rahisi kwako tangu leo. Ikiwa iko kati ya mara 3 na mara 6, unaweza kubaki na makala lakini badilisha mbabula. Chupa ya kilo 6, kwa hesabu hiyo, ni sawa na kilo kama 35 za makala ya mbabula ya kawaida.

Kuna gharama ambayo haionekani kwenye gunia. Tanuru la udongo hula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya makala. Misitu inayolipa deni hilo iko Masisi na ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na milima ikivuliwa miti udongo wake unashuka na mvua.

Umeme, kwa ufupi

Kikemia umeme hauna mshindani ndani ya nyumba: haukuli oksijeni, hautoi CO, hautoi CO₂. Kwa chumba cha mzazi mwenye mtoto mchanga ningeuchagua kabla ya vyote. Kasoro yake ni kukatika, na hakuna sufuria ya maharagi inayosubiri umeme urudi. Ukiutegemea, uwe na moto wa pili.

Kwa nyumba ipi, moto upi

Nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano, yenye nyufa kati ya ubao na ubao na ua wake: gesi ndani kwa chai, wali na mboga, mbabula uani kwa sombe na maharagi. Nyufa za chini, ambazo usiku hutuletea baridi, ndizo zinazotoa gesi ikivuja. Usizizibe zote karibu na jiko.

Nyumba mpya ya matofali yenye madirisha ya vioo, kama zinavyojengwa mtaa wa Himbi, inadanganya. Inaonekana ya kisasa, kumbe inabana hewa. Kilo moja ya gesi inapoungua inataka mita za ujazo 15 hivi za hewa. Ukipika na kila kitu kimefungwa, moto wa buluu utaanza kuwa na ncha za manjano. Hayo ni masizi yanayong'aa, dalili kwamba mwako haukamiliki na CO imeanza. Ncha hizo zinaweza kutokea hata mahali pa wazi, kwa kuwa hewa yetu ya juu ni nyembamba kuliko ile ambayo majiko mengi yalitengenezewa. Fungua kidogo pete inayoingiza hewa chini ya kichomeo hadi moto urudi kuwa buluu. Katika nyumba hii chupa ikae nje, bomba lipite ukutani, na tundu la kiganja kimoja litobolewe kwenye usawa wa sakafu.

Chumba kimoja cha kupanga, mlango mmoja na dirisha dogo, ndicho kinachonitia wasiwasi. Umeme ukiwepo, plati. Gesi, ikiwa tu mwenye nyumba anakubali chupa ikae nje. Makala ni barazani peke yake, na usiku mbabula isiingizwe hata kama imebaki na majivu mekundu tu ya kupasha chumba. Mvua za huku hazingoji mtu amalize kupika, kwa hiyo badala ya kusogeza mbabula ndani, simamisha bati moja juu ya nguzo nne. Liinue lipite kichwa cha mpishi, acha pande mbili wazi, na liwe mbali na dirisha la mahali mnapolala.